Juu ya Michezo ya Kuruka na Kupigana Katika Kioo

Wanafunzi wengi wa shule yetu wakisikia neno "gemu" hufikiri mpira wa miguu tu. Sishangai. Katika vibanda vya mjini, ambako mtu hulipa Shs. 500 akapewa pedi, karibu kila televisheni inaonyesha mpira, na aliyefungwa humpisha mwenziwe. Lakini iko jamaa nyingine ya michezo, iliyo ya zamani zaidi, na kwa maoni yangu ni bora kuliko huo mpira wa kwenye kioo. Nayo ni ile ambayo mtu mdogo hukimbia, huruka mashimo, hupanda vidaraja, hukanyaga adui au huwapiga, mpaka afike mwisho wa njia. Hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa, wala sitaficha ipi naipenda na ipi siipendi. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo. Mhariri asema Sehemu ya Kiswahili ina nafasi tele.

Vyombo nilivyochezea ni hivi. Mjomba wangu aliacha nyumbani kwetu mashine ya kaseti, moja ya zile zilizoigwa kwa mashine ya Nintendo, na waya wa pedi yake moja umefungwa kwa plasta. Baadaye nilinunua sokoni kidude cha mkononi kinachojisifu kuwa na michezo 400, ijapokuwa mingi ni ile ile iliyopewa majina mengine. Katika likizo nimetumia kompyuta kuukuu ya nyumbani, na mwaka jana binamu yangu wa Nairobi alinikaribisha kwao penye PlayStation 5. Hapa shuleni vyombo hivyo haviruhusiwi, wala siombi viruhusiwe. Nasema hivi mapema ili sanduku langu lisije likapekuliwa bure.

Mtu akitaka kujua chanzo cha michezo hii na atazame Donkey Kong, uliotolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1981. Aliyeubuni ni Shigeru Miyamoto. Ndani yake sokwe amemteka mwanamke akapanda naye juu ya jengo la vyuma, na seremala mmoja mfupi mwenye masharubu anamfuata, akipanda ngazi na kuruka mapipa ambayo sokwe anayaviringisha kumjia. Kwanza seremala huyo aliitwa Jumpman, yaani mtu wa kuruka. Baadaye akapewa jina la Mario. Mruko wake ni mfupi, tena akianguka kutoka mahali palipozidi kimo chake kidogo tu, hufa. Mchezo huu nauheshimu kama mtu anavyomheshimu babu. Lakini kuucheza kwa furaha, hapana.

Furaha ilikuja mwaka 1985 katika Super Mario Bros., ambao Miyamoto aliutunga pamoja na Takashi Tezuka. Kilichobadilika hasa ni mruko. Ukibonyeza kitufe na kukiachia mara moja, Mario huruka kidogo. Ukikishikilia, huenda juu zaidi. Akiwa hewani waweza kumsukuma mbele au kumvuta nyuma. Akianguka kutoka juu kabisa haumii. Akikimbia kisha ukataka asimame ghafla, huteleza kwanza, kama mtoto aliyekimbia juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha kwamba kitu kilichorushwa juu hutumia muda ule ule kupanda na kushuka. Mario hafuati sheria hiyo, maana hushuka upesi kuliko alivyopanda. Wala hakuna mtu duniani awezaye kubadili njia yake akiwa hewani pasipo kushika kitu. Hata hivyo, pedi ikiwa mkononi, moyo husema: naam, hivi ndivyo kuruka kunavyopaswa kuwa. Nilimweleza Mwalimu jambo hilo, akacheka, akasema labda Newton hakupata pedi.

Basi kwangu mimi, katika michezo ya namna hii mruko ndio mchezo. Picha zikiwa mbaya utazizoea. Hadithi ikiwa ya kipumbavu utaisahau. Lakini mruko ukiwa mbaya hauna dawa, maana utaufanya mara elfu. Nami nina swali moja ninalopimia kila mchezo: nilipokufa, kosa lilikuwa la nani? Ikiwa kidole changu kilichelewa, au jicho langu halikutazama, narudia pasipo kinyongo. Lakini ikiwa nilibonyeza na yule mtu hakuruka, au adui alitoka mahali nisipoweza kumwona, basi hapo nimeibiwa.

Super Mario hauibi. Hatua yake ya kwanza ni darasa lisilo na mwalimu. Adui wa kwanza anakuja polepole kutoka kulia, peke yake. Usipomruka utakufa, lakini utakuwa umetembea kidogo tu, kwa hiyo hujapoteza kitu. Juu kuna tofali lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga, uyoga hutoka, huteleza kulia, hugonga bomba na kurudi upande wako, hata mwoga aliyeukimbia huupata akakua. Karibu na mwisho kuna ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake ni ardhi. Ukianguka hapo unapanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi nyingine mbili kama zile, lakini katikati yake ni shimo. Yaani umefundishwa kwanza mahali pasipo hatari, kisha umetahiniwa, na hakuna aliyekuandikia hata neno moja la kukueleza.

Na yote hayo, dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, yaani hatua 32, yamewekwa katika kaseti ya kilobaiti 40 tu. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko mchezo huo mara nyingi. Kwa sababu ya ubanifu huo, wingu la juu na kichaka cha chini ni picha ile ile moja. Kimoja kimepakwa rangi nyeupe na kingine rangi ya kijani. Watu wengi wameucheza miaka mingi pasipo kutambua, na ninapowaonyesha huvuta kichwa karibu na kioo kana kwamba nimewafanyia mazingaombwe.

Kuna hoja ninayoisikia bwenini mara nyingi, hasa kutoka kwa wale waliolelewa na kaka zao wakubwa: ati michezo ya zamani ilikuwa mizuri kwa kuwa ilikuwa migumu, na ugumu ndio uanaume. Nataka kuijibu hoja hii, kwa kuwa naona imewafukuza watu wengi. Ndugu yangu mdogo aliutupa pedi siku moja akasema, "Mimi sina mkono wa gemu," na tangu siku hiyo hajaigusa. Mchezo uliomshinda ulikuwa mmoja wa hii nitakayoitaja, na kwa maoni yangu mkono wake hauna kasoro hata kidogo.

Tuangalie ugumu ule ulitoka wapi. Kabla mashine za nyumbani hazijaenea, michezo hii ilikaa katika masanduku makubwa yaliyosimamishwa madukani na katika baa huko Japani, Marekani na Ulaya. Mchezaji alitia sarafu akapewa roho chache, kwa kawaida tatu. Roho zikiisha, atie sarafu nyingine. Mwenye sanduku alipata faida mchezaji alipokufa, na mtu aliyecheza muda mrefu kwa sarafu moja alikuwa hasara kwake. Kwa hiyo watungaji walikuwa na sababu nzuri ya kukuua mapema, bali wakuache na tamaa ya kujaribu tena.

Mfano wake mbaya ni Ghosts 'n Goblins wa Capcom, uliotoka mwaka 1985. Shujaa wake ni askari wa kale aitwaye Arthur, amevaa mavazi ya chuma. Akiguswa mara moja, mavazi yanamdondoka akabaki na chupi. Akiguswa mara ya pili, anageuka mifupa. Mpaka hapo nacheka, wala sina neno. Lakini akisha kuruka huwezi kumgeuza, na adui wake wanatoka chini ya ardhi mahali po pote, hata miguuni pake. Kisha baada ya taabu yote, mtu akifika mwisho, huambiwa kwamba aliyoyaona yalikuwa madanganyo ya shetani, na arudi mwanzo kabisa afanye yote tena. Huo siuiti ugumu. Huo ni ulafi. Tena mchezo huo ulipoletwa katika mashine za nyumbani, ambako hakuna tundu la kutilia sarafu, walikuja nao na ulafi wake wote. Sarafu iliondoka, tabia ya sarafu ikabaki.

Ninja Gaiden wa Tecmo, wa mwaka 1988, unanisumbua zaidi kwa kuwa naupenda. Upanga wake unatii kidole kama ulimi unavyotii nia. Mtu wake huruka akanata ukutani, halafu huruka tena kutoka ukutani, na kati ya hatua na hatua huonyeshwa picha za hadithi kama sinema. Lakini wako ndege. Kila aliyeucheza anawajua ndege hao. Unaruka shimo, na ukiwa katikati ndege anatokea ukingoni mwa kioo, anakugonga, nawe unarudishwa nyuma shimoni. Ukisogea nyuma kidogo, adui uliyekwisha kumwua anatokea tena mahali pale pale kana kwamba hakuna lililotukia. Na mtu akishindwa na majitu ya mwisho, hurudishwa mwanzo wa sehemu nzima ya sita. Hapo swali langu lina jibu rahisi.

Msidhani kwamba kila mchezo mzito nauchukia. Castlevania wa Konami, wa mwaka 1986, una mtu aitwaye Simon Belmont ambaye anaingia ngome ya Dracula na mjeledi. Mruko wake ni wa namna moja tu: akiondoka, ameondoka, huwezi kumrudisha wala kumsogeza. Mjeledi nao hukawia kidogo kabla haujapiga. Wenzangu wengi huuacha baada ya dakika kumi. Mimi naona ni mchezo wa haki, kwa sababu adui nao hufuata kanuni zao daima, na ukisimama ukawatazama utazijua. Mruko wa Simon ni kama kiapo, yakupasa kufikiri kwanza ndipo uondoke. Kama nilivyosema, Mario anavunja sheria za Newton naye ni mtamu. Simon anazitii, na utamu wake ni mwingine, wa mtu anayecheza bao. Isipokuwa vile vichwa vya Medusa vinavyopepea juu na chini juu ya mashimo. Hivyo siwezi kuvitetea.

Mega Man 2, wa Capcom mwaka 1988, nasema kwa ufupi kwamba ndio ningempa mtu anayeanza akisha kumaliza Mario. Kuna majitu manane, nawe unachagua uanze na lipi. Ukilishinda jitu unachukua silaha yake, na silaha hiyo inafaa dhidi ya jitu jingine, kama katika ule mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi. Aliyekwama mahali pamoja anakwenda kujaribu pengine. Hii ni fadhili kubwa ambayo michezo mingi ya wakati ule haikuijua. Muziki wake nao unabaki kichwani hata wakati wa maandalio ya jioni, jambo ambalo si zuri sana kwa Hisabati.

Sasa Contra. Ule wa nyumbani ulitoka mwaka 1988, na sidhani kuna mashine ya kaseti iliyopita katika mtaa wetu bila ya kuwa nao. Askari wawili wanakimbia na bunduki, risasi moja yatosha kukuua, na uzuri wake ni kwamba mnacheza wawili pamoja. Mimi na jirani yangu tumeucheza mpaka majina ya silaha tukayabatiza upya. Ile inayotawanya risasi twaiita Mtama. Lakini kuna hatua ya maporomoko ya maji ambayo imevunja urafiki mwingi. Mnapanda juu kwa kurukia mawe, na kioo kinamfuata aliye juu. Aliye chini akiachwa, kioo kinampita, naye hufa ijapokuwa hakuguswa na kitu. Hapo kosa ni la nani? Si la mashine, ni la mwenzio! Ndipo mtu hujua amekaa na nani kwenye mkeka. Jirani yangu hungoja. Kwa sababu hiyo nimempa pedi nzima, nami nashika ile yenye plasta.

Wengi wanaijua siri ya Contra ya kupata roho 30: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A. Pengine hawajui ilitoka wapi. Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto, mfanyakazi wa Konami aliyefariki mwaka 2020. Alipewa kazi ya kuuleta mchezo wa Gradius katika mashine ya nyumbani mwaka 1986, na alipotaka kuujaribu akaona ni mgumu mno, haumalizi. Basi akatia mlango wa nyuma kwa ajili yake mwenyewe, nao ukasahauliwa ndani. Wale wa bwenini wanaosema kwamba kutumia siri hiyo ni aibu ningependa wanijibu: ikiwa mtengenezaji mwenyewe alishindwa, je, ugumu ule alitengenezewa nani?

Juu ya Sonic the Hedgehog wa Sega, wa mwaka 1991, nina maneno machache. Naipenda rehema yake ya pete: ukiwa na pete hata moja, adui akikugonga hufi, pete zinatawanyika tu, nawe unazikimbilia kuziokota. Ila mchezo mzima unakusifia mbio, kisha ukienda mbio unakuta miiba ambayo hukuweza kuiona. Ni kama kumpa mtu pikipiki mpya, halafu ukamfungia ng'ombe kwenye kona.

Mchezo ulionifanya niifikiri tena kanuni yangu ni Prince of Persia wa Jordan Mechner, uliotoka mwaka 1989. Mechner alimpiga picha za sinema ndugu yake mdogo, David, akikimbia, akiruka na kuning'inia, kisha akazichora picha zile moja moja kwa kompyuta ya Apple II. Ndiyo maana mtu yule anakwenda kama mtu wa kweli kuliko wote wa wakati wake. Basi mwili wake una uzito. Ukimwambia akimbie, anaanza kwanza kwa mwendo mfupi. Ukimwambia aruke, anakunja magoti ndipo aondoke. Ukimwambia asimame, anapiga nyayo mbili tatu. Na unayo saa moja tu ya kumwokoa binti mfalme. Kwa kipimo cha Mario, mtu huyu ni mkaidi. Hata hivyo nilipokufa sikusema nimeibiwa hata mara moja, maana tangu chumba cha kwanza alinionyesha yeye ni wa namna gani, wala hakubadilika mpaka mwisho. Kwa hiyo sidai tena kwamba mtu wa kwenye kioo awe mwepesi, nadai awe mkweli.

Kuruka katika michezo yenye kina, ambayo unaweza kwenda mbele, nyuma na pembeni, ni jambo jingine, na mengi yake sijayacheza ya kutosha. Nitasema juu ya Super Mario 64, wa mwaka 1996, kwa sababu ya kitu kimoja kidogo. Mtu akiwa hewani katika dunia ya namna hiyo ni vigumu kujua ataangukia wapi. Basi wakamwekea Mario kivuli chini yake moja kwa moja, hata mahali pasipo na jua. Ukitazama kivuli, unajua. Kivuli kile hakifuati sheria ya nuru, lakini kimeniokoa mara nyingi kuliko roho za ziada.

Sasa nije kwa michezo ya karibuni, maana wako wanaodhani kwamba haki katika michezo maana yake ni urahisi. Cuphead, uliotolewa mwaka 2017 na ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, pamoja na wenzao, umechorwa kwa mkono kama katuni za Marekani za miaka ya 1930, na ni mgumu sana. Lakini kila ukifa unaonyeshwa mstari na mahali ulipofika, na mara nyingi unaona umebakiza kidogo. Mtu akijua amebakiza kidogo hatupi pedi.

Ule ninaoupenda kuliko yote ni Celeste, wa mwaka 2018, uliotungwa na Maddy Thorson na Noel Berry na wenzao wachache. Msichana Madeline anataka kupanda mlima, na kitu kinachompinga zaidi ni sehemu ya nafsi yake mwenyewe inayomwambia hawezi. Huko nimekufa zaidi ya mara elfu mbili. Mchezo wenyewe unahesabu. Kila chumba ni kidogo, na ukifa unarudishwa mwanzoni mwa chumba kile kile mara moja, hata hupati nafasi ya kukasirika. Na kuna siri ndani ya mruko wake ambayo nilipoisoma nilifurahi sana. Madeline akipita ukingo wa mwamba, mchezo unamngojea sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukibonyeza katika muda huo, anaruka kana kwamba bado amesimama juu ya mwamba. Watungaji wa michezo wamelipa jambo hili jina la mbweha mmoja wa katuni za Marekani, ambaye hukimbia akapita ukingo wa genge wala haanguki mpaka atazame chini. Kwa hesabu, mchezo umekudanganya. Kwa haki, umesema kweli, maana jicho lako na nia yako vilikuwa mahali pake. Kilichochelewa ni kidole, tena kwa kitambo kisichopimika kwa saa ya ukutani. Kumbe watu hawa walikaa wakalifikiri swali langu kabla sijaliuliza.

Dada yangu, aliye na miaka kumi na miwili, anacheza Celeste pamoja nami. Mchezo huo una mahali pa kupunguza mwendo au kuongeza nguvu kwa anayehitaji, naye alipunguza mwendo kidogo. Vijana wawili wa mtaani waliomwona wakamcheka, wakasema amefika kileleni kwa lifti. Niliwauliza wao wamefika chumba cha ngapi. Walikuwa hawajapita nusu. Tena msichana huyu, akisha kumaliza, alirudi mwanzo akaurudisha mwendo wa kawaida, akaanza kupanda upya, bila ya kuambiwa na mtu. Sasa ananishinda katika vyumba vitatu, na vyumba hivyo anavijua kwa majina aliyovipa mwenyewe.

Ninachokichukia hasa siku hizi ni michezo ya kukimbia ya kwenye simu. Temple Run ulitoka mwaka 2011, na Subway Surfers, uliotengenezwa Denmark, ulitoka mwaka 2012. Baada ya hiyo ikafuata mingine isiyo na idadi. Ukiitazama utadhani ni ndugu wa Mario: mtu anakimbia, anaruka, anainama. Lakini njia yake haina mwisho. Hakuna kilele, hakuna jitu la mwisho, hakuna siku utakayosema nimemaliza. Unakimbia mpaka ufe, basi. Katika Subway Surfers, ukifa unaambiwa utoe ufunguo ili uendelee, au utazame tangazo. Na funguo zikiisha, zinauzwa. Msomaji atakuwa ameyatambua mambo haya. Ni lile sanduku la baa la miaka ya 1980, ila sasa limeingia mfukoni, na tundu la sarafu limefichwa ndani ya namba ya simu ya mzazi. Najua kijana mmoja aliyemaliza bando ya mama yake ya wiki nzima kwa siku moja, na mama huyo anauza samaki kwa kupigiwa simu. Wateja hawakumpata siku hiyo.

Nimalizie kwa mchezo uliotuhusu sisi kwa jirani. Jina lake ni Tales of Kenzera: Zau, ulitoka Aprili 2024, na aliyeutunga ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza ambaye wazazi wake ni Wakenya. Baba yake alifariki, naye akautunga mchezo huu kutokana na msiba ule. Ndani yake kijana Zau, ambaye ni mganga, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, akitaka arudishiwe Baba, na Kalunga anampa kazi ya kuleta roho tatu kubwa. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi: cha jua ni cha kupigana kwa karibu kwa moto, cha mwezi ni cha kupiga kwa mbali, naye huvibadilisha hata akiwa hewani.

Nikiupima kwa kipimo changu, mruko wake ni mwepesi na wa kweli, ingawa haufikii ule wa Madeline. Mapigano yake huanza kujirudia, kwa kuwa adui ni wa aina chache, na baada ya saa kadhaa nilijua kila mmoja atakalofanya. Mchezo wenyewe si mrefu. Kama ungekuwa wa kuruka tu, ningeuweka katikati. Lakini unaweza kuuchagulia sauti za Kiswahili, na hapo mambo hubadilika. Nimecheza michezo ya Wajapani, Wamarekani na Wakanada tangu utoto, na hakuna hata mmoja uliowahi kusema nami kwa lugha ambayo mtu wa nyumbani angeisikia kutoka chumba cha pili.

Huko Nairobi ilisikika. Shangazi alikuwa jikoni akikaanga, akadhani ni mchezo wa redio, akaja na mwiko mkononi kusikiliza. Alipoelewa kwamba kijana yule anamtafuta baba yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Mume wake, ambaye ni baba wa binamu yangu, alifariki miaka mitatu iliyopita. Hakuniuliza habari za vinyago wala za vitufe. Aliuliza tu kama mwishowe atampata. Nikamwambia sijui, Shangazi, bado ziko hatua nyingi mbele. Akasema, "Basi ruka, mwanangu," akarudi kupunguza moto chini ya kikaango, kisha akaja akakaa tena.